Riziki, fidia ya Mama Furaha iko kwenye karatasi tu

Katuba, Lubumbashi

Dada yangu Riziki,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku tuko wazima, ila mvua imeharibu njia yetu, hata pikipiki hazitaki kuingia. Habari za ndoa ya Kito nitakuandikia siku nyingine, zinataka barua yake peke yake! Leo ninakuandikia kwa ajili ya Mama Furaha, na nina jambo la kukuomba.

Ulikuwa nasi kwenye kilio cha mume wake, kwa hiyo sina haja ya kurudia. Hukumu ilitoka. Yule zamu, mlinzi wa depo, alipatikana na hatia ya kumpiga marehemu mpaka kufa, wakati marehemu alikuwa akipita zake tu kutoka kazini usiku. Sasa yuko gereza la Kasapa. Tribinali ikaandika pia kwamba Mama Furaha na watoto walipwe fidia. Siku ile shangazi zake walipiga vigelegele pale nje, sisi sote tukaona mambo yamekwisha.

Hajaona hata franka moja. Zamu mwenyewe atalipa na nini? Hana shamba, hana nyumba, chakula cha gerezani analetewa na dada yake. Na kinachoniumiza zaidi ni hiki: ili hukumu itekelezwe, Mama Furaha aliambiwa atoe makuta, pesa, kwanza. Makuta ya nakala, kisha ada inayohesabiwa kwa kiasi cha fidia yenyewe, fidia ambayo bado hajaishika mkononi. Aliyefiwa ndiye anayelipishwa. Asiye na uwezo anaweza kuomba karatasi ya umaskini ili asamehewe, lakini kuifuatilia nayo ni kwenda na kurudi, na kila siku anayoenda huko ni siku ambayo meza yake ya mkate haifunguliwi. Furaha amerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali, ile ada ya shule. Huyo mtoto ana akili, Riziki, unamjua.

Yaya, ndugu yetu mkubwa wa Kampemba, akasema, si kuna ule mfuko wa serikali wa wahanga, FONAREV? Nikauliza, nikasoma. Kweli upo, sheria yake ni ya tarehe 26 Desemba 2022, na unapewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Fikiria, haya malori ya shaba tunayoyaona kila siku yakielekea mpakani Kasumbalesa yanatoa kitu kwa ajili ya wahanga. Nilifurahi sana, kisha nikaendelea kusoma. Mfuko ni wa waliobakwa katika vita na wahanga wa makosa makubwa, yale ya kivita na dhidi ya binadamu. Wanastahili, tena wanastahili zaidi ya hapo, wewe uliyekaa Bukavu unajua kuliko mimi. Lakini mtu aliyeuawa mbele ya lango la depo hahesabiwi humo. Mjane wake aende wapi?

Na hata wale ambao serikali yenyewe inadaiwa… Unakumbuka Kilwa, kule ziwani Mweru? Jeshi liliua watu zaidi ya 70 mwezi wa Oktoba 2004. Kesi ilikuja hapa Lubumbashi mbele ya tribinali ya kijeshi, na mwaka 2007 washitakiwa wakaachiliwa kwa yale mauaji. Baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema serikali yetu ina makosa, iwalipe wahanga 8 waliotajwa kwenye kesi na familia zao dola milioni 2.5. Uamuzi huo ulitangazwa mwaka 2017. Familia zikaendelea kungoja miaka. Nikifika hapo moyo unanichoka, halafu ninamwona Mama Furaha anavyoikunja ile karatasi ndani ya nailoni isilowe, na ninaona siwezi kunyamaza.

Sasa ombi langu. Mwenye depo hakuitwa kabisa kwenye kesi, na hiyo ndiyo nafasi yetu. Zamu alikuwa kazini kwake, usiku, na fimbo aliyopewa kwa kazi hiyo. Kuna mtu alinionyesha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia: kifungu cha 258 kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe, na kifungu cha 260 kinamgusa pia bosi kwa madhara ya mfanyakazi wake akiwa katika kazi aliyompa. Mimi si avoka, si wakili, lakini ninavyosoma, huyu bwana mwenye malori na maghala hawezi kujificha nyuma ya mtu aliyemlipa mshahara wa kununua unga tu. Alileta gunia moja la mchele kwenye matanga, basi. Gunia moja kwa baba wa watoto wanne!

Ndiyo maana ninamhitaji mdogo wako. Bado yuko na wale mawakili? Unaweza kumuuliza kama Mama Furaha anaweza kumshitaki mwenye depo peke yake, kesi ya fidia tu, wakati ile ya zamu imekwisha? Muda wa kufanya hivyo hautapita? Na hapa Lubumbashi, ile ofisi ya mawakili ya ushauri wa bure, anamjua mtu mwaminifu humo ambaye hatamwomba Mama Furaha «ya usafiri», yaani hongo? Mdogo wako anataka nimtumie picha ya hukumu kwa WhatsApp au nakala yenye muhuri? Yule mama anayefanya kazi na mdogo wako, aliyepigania fidia ya mwanawe, alilipwa mwishowe?

Nijibu upesi, hata kwa sauti kama huna nafasi ya kuandika. Mama Furaha anakusalimu, anasema bado ana kitenge chako ulichosahau.

Mwenzako,
Mauwa