Si kila mti wa pwani ni mkoko

Mhariri,

Kampeni za kupanda mikoko zimekuwa nyingi huku kwetu, toka Ghuba ya Lindi hadi mlango wa Ruvuma. Nia ni njema, ila kasoro inaanzia kwenye neno lenyewe. Kwa mgeni, "mikoko" ni msitu mzima. Kwa mvuvi wa Mikindani au Sudi, mkoko ni mti mmoja tu, ule unaosimama juu ya mizizi yake. Mlilana ndio unaotangulia mbele kupigwa na mawimbi, na kwake hukatwa mataruma, yaani mbavu za mashua. Msinzi na mkandaa, wenye boriti na fito, hukaa nyuma. Mchu huvumilia chumvi kali hata karibu na nchi kavu. Mkomafi na msikundazi hupenda penye maji baridi ya mto. Wazee wanaozungumza Kimakonde nyumbani, wakishuka pwani huyataja majina haya kwa Kiswahili bila kubabaika. Waulizwe.

Kinachopandwa ni mkoko peke yake, kwa kuwa mbegu yake ndefu ni rahisi kuokota na haihitaji kitalu. Basi huchomekwa popote penye tope, hata juu ya nyasi bahari wanakolisha samaki aina ya tasi. Huko chini mche hufunikwa na maji saa nyingi mno, hushikwa na vijidudu vya bahari vyenye magamba, na bamvua (maji makuu) ikikutana na upepo wa kusi huung'oa. Wapo pia wanaoupanda kichwa chini!

Mbegu iliyokomaa hujiachia ukiizungusha kidogo. Upande wenye kichipukizi ubaki juu, theluthi moja iingie topeni, na kati ya mche na mche iwe mita 1 hadi 1.5. Panda pale tu ambapo miche ya jinsi hiyo huota yenyewe jirani.

Kwenye mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa, miche ingoje. Bomoa kwanza tuta pale mkondo wa zamani ulipopita, maji yaingie na yatoke. Yakituama hukaukia hapo na kuacha chumvi inayoua. Kama miti mama iko karibu, mbegu zitaletwa na maji bila gharama. Kazi hii haina picha nzuri, labda ndiyo maana haina wafadhili.

Na takwimu tunazoletewa ziwe za miche iliyo hai baada ya mwaka, siyo iliyochomekwa siku ya sherehe.

Msomaji,
Mikindani, Mtwara