Kwa mabinti mnaokaribia kuapishwa kuwa mahakimu

Wanangu,

Nimeitumikia mahakama mpaka mvi zikanijaa kichwani, kwa hiyo niwieni radhi nikisema nanyi kama mama. Itafika siku mtu ataomba ujitoe kwenye kesi. Hatasema umekula rushwa, wala hatasema mdai ni shemeji yako. Atasema wewe ni mwanamke, au atataja kabila lako, na ataliandika kwa adabu, na kiapo juu yake. Mkijibu kwa hasira mmekwisha. Mkijitoa ili yaishe, mmekwisha vilevile.

Ndiyo maana nawaomba mumsome Jaji Constance Baker Motley wa New York, mwanamke Mweusi wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1921 mjini New Haven, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis, baba mpishi. Ada ya chuo haikuwepo. Tajiri mmoja Mzungu, Clarence Blakeslee, alimsikia akizungumza kwenye mkutano, akajitolea kumsomesha mpaka akamaliza sheria Columbia mwaka 1946.

Akaenda kufanya kazi na Thurgood Marshall, wakili mashuhuri wa haki za Weusi, kwenye kesi za kuvunja ubaguzi mashuleni. Mwaka 1962 James Meredith, kijana Mweusi, aliingia Chuo Kikuu cha Mississippi kilichokuwa cha Wazungu, na wakili wake alikuwa mama huyu. Huko kusini kuna waliokataa hata kumwita Bi. Motley, gazeti likaandika tu “yule mwanamke Motley”. Yeye alisimama na majalada yake akahoji mashahidi. Mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani alitetea kesi 10, akashinda 9.

Januari 1966 Rais Lyndon Johnson alimteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho, mwanamke wa kwanza Mweusi kufika hapo. Seneta James Eastland wa Mississippi, mwenyekiti wa kamati ya sheria, alilikalia jina lake kwa miezi. Hakuthibitishwa mpaka mwishoni mwa Agosti.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mwaka 1975 alikuwa na kesi ya wanawake mawakili waliodai kwamba kampuni ya uwakili ya Sullivan & Cromwell ya Wall Street inawabagua katika ajira. Upande wa kampuni ukamtaka ajitoe: ni mwanamke, ni Mweusi, amewatetea waliobaguliwa, basi atawaegemea walalamikaji. Alikataa, kwa maandishi. Hoja yake ilikuwa nyepesi na haina pa kuipenyeza kisu: kama jinsia au rangi inatosha kumwondoa jaji, basi hakuna jaji hata mmoja katika mahakama ile angeweza kusikiliza kesi hiyo, maana kila mmoja wao ana jinsia yake, na wote walikuwa mawakili. Yaani mwanamume naye ana upande, ila hakuna aliyewahi kumwuliza! Mimi nasema ule ni uamuzi wa kusomwa na kila hakimu kabla hajakaa kitini.

Mwaka 1978 akaamua kesi ya Melissa Ludtke, mwandishi wa michezo aliyezuiwa kuingia chumba cha wachezaji cha kubadilishia nguo huko Yankee Stadium, uwanja wa besiboli wa New York, kwa sababu ni mwanamke. Wenye mchezo walidai ni kulinda staha ya wanaume. Jaji akawaonyesha kwamba pazia lingetosha kuilinda staha hiyo bila kumnyima mtu kazi yake. Napenda hapo: sheria kubwa, dawa ya kitambaa.

Kwa hiyo ombi la namna hiyo likiletwa mezani, lisome lote, hata maneno yanayouma. Jiulize kwanza kama kuna masilahi ya kweli: ndugu, deni, hisa, shauri ulilolisimamia ukiwa wakili. Likiwepo lolote kati ya hayo, toka siku hiyohiyo, usisubiri kuombwa mara ya pili. Lisipokuwepo, andika sababu zako ukurasa mmoja au miwili, zisome barazani kwa sauti ya kawaida, kisha mwambie karani aite shahidi.

Mama yenu,
hakimu mstaafu, Tanga