Risala ya Mafundi wa Ujenzi wa Kisauni kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kutoa Vyeti

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, mzee wa mtaa, masheikh na wachungaji, wazazi, mafundi wenzetu: asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Ahsante kwa kuitika wito. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na msongamano wa daraja la Nyali tunauelewa. Kufika kwako kabla ya adhuhuri ni heshima tuliyoiona.

Kikundi chetu kilianza 2011 na mafundi saba. Leo tuko 34: waashi, maseremala, mafundi bomba, mafundi umeme na wapaka rangi. Mafanikio yetu ni makubwa. Tumejenga vyoo vya shule ya msingi ambavyo mpaka leo havina ufa, tumeezeka madrasa iliyong'olewa paa na kusi, tumenunua mashine ya kukorogea zege, na leo vijana tisa wanapokea vyeti vya mtihani wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, daraja la tatu. Kwa nidhamu ya kazi, hakuna kikundi Pwani kinachotushinda.

Mheshimiwa, vijana hawa tisa ndio wanaotukosesha usingizi. Kesho wataomba kazi, na kazi atapewa mtu asiyewahi kushikishwa timazi na fundi yeyote, kwa sababu bei yake iko chini.

Miaka minne iliyopita mwenye nyumba mmoja wa Mtopanga alituita. Tukamtajia shilingi 1,500 kwa siku kwa kila fundi. Akaja mtu akasema 800, na kwamba atamaliza upesi. Akapewa. Mwaka jana tukaitwa tutazame nguzo iliyopasuka. Kwa nyundo mbili tu zege likameguka, na ndani tukaona vipande vya makombe ya bahari. Mchanga ulizolewa ufuoni ukatumiwa na chumvi yake. Nondo zilikuwa zimevimba kwa kutu, zinalisukuma zege nje. Ringi, zile pete za chuma zinazozifunga nondo pamoja, zimeachana urefu wa mkono mzima. Juu ya nguzo ile, wakati tunaitazama, mama mmoja alikuwa akipikia wanawe. Tuliwaomba washuke siku hiyo hiyo.

Hatujasahau Huruma kule Nairobi, Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lilivyoanguka usiku wa mvua na kuua watu zaidi ya 40.

Hao wa bei ya chini si maadui zetu. Wengi ni wadogo zetu, na njaa ndiyo inayowapangia bei. Wapo wenye mkono mzuri. Wakikaa chini ya fundi wakafanya mtihani, tutawapokea kwa furaha.

Sheria ipo. Ile ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011 inatambua kuidhinishwa kwa mafundi stadi na wasimamizi wa saiti. Lakini tazama mabango ya saiti: utasoma msanifu, mhandisi, kontrakta. Aliyefunga nondo hatajwi. Ombi letu ni moja: upeleke hoja bunge la kaunti, kibali cha ujenzi kisitolewe bila jina na nambari ya fundi mkuu aliyeidhinishwa, jina hilo liandikwe kwenye bango, na mkaguzi azione nondo kabla zege halijamwagwa. Likishamwagwa, ataona nini?

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, ombi hili si geni. Tulilisoma hapa hapa 2018. Mgeni wa siku hiyo akaliandika kwenye kitabu chake, tukampigia makofi. Tukalisoma tena 2022, uchaguzi ukikaribia, mgeni mwingine akaomba tumpe siku 100. Katibu wetu alikwenda ofisini kwake mara sita, na ya sita akaambiwa faili haionekani. Karakana tuliyoahidiwa nayo ni jiwe la msingi lililoko nyuma ya hema hili, nyasi zimelifunika. Ahadi ni deni, na madeni haya hatukukopa sisi.

Kwa hiyo safari hii hoja tumeiandika wenyewe, kurasa mbili, nakala tatu, na picha za nguzo ile ya Mtopanga. Tunakukabidhi mkononi mbele ya wazazi hawa. Tunakuomba, kabla hujapanda gari, ututajie tarehe ambayo wajumbe wetu watano watakuja kwako kusikia imefika wapi. Siku yoyote utakayoitaja tutafika, hata ikiwa alfajiri.

Ni sisi mafundi wako,
Kisauni, Mombasa.