Kwa wazazi vijana wa Majengo, Moshi: msiwavunjie watoto jiko lao

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Juzi jirani yangu alipiga teke chungu cha watoto nyuma ya nyumba, kisa wamechafua nguo za Jumapili. Kilikuwa kopo la rangi juu ya mafiga matatu, ndani majani ya mgomba yaliyokatwakatwa. Ndiyo machalari yao, ndizi za kupikwa na nyama. Mgeni alishakaribishwa. Binti wa miaka mitano akabaki ameshika kijiti chake cha kukorogea, hata kulia hakulia.

Sisi tuliokulia vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, tulijipikilisha hivyo hivyo. Mtoto wetu alikuwa hindi changa lenye nywele zake, tunambeba mgongoni kwa kipande cha kanga. Pale ndipo nilipojifunza kugawa chakula kidogo kikamfikia hata aliyechelewa.

Tena mchezo wa baba na mama husema ambayo mtoto hawezi kuwaambia mkimuuliza. Mjukuu wangu mmoja alikuwa akicheza mama. "Baba" akikohoa tu, anawasukuma wenzake nyuma ya migomba: "Nyamazeni, kaja!" Nilimwita baba yake, mwanangu wa kumzaa. Sikumgombeza. Nilimkalisha kibarazani atazame mwenyewe, akatazama, akainamisha kichwa. Pombe hakuiacha siku ile, nisiwadanganye, ila kuingia nyumbani kwa kufoka alikuacha.

Kwa hiyo mkisikia maneno makali mchezoni, msimchape mtoto kwa kuyasema. Kayatoa wapi? Ulizeni taratibu, "Huyu baba akikasirika hufanyaje?" kisha sikilizeni.

Najua mnaogopa pia habari ya kushikana miili, na mna haki ya kuogopa. Basi wacheze uani mnapowaona, si chumbani mlango umefungwa, na wadogo wasiachwe peke yao na waliokwisha kubalehe. Mkiona jambo lililozidi umri wao, wekeni kiboko mbali. Mtoto aliyechapwa hamtaji tena aliyemfundisha.

Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka kucheza pamoja na chakula na malazi katika haki za mtoto. Nguo zitafuliwa.

Leo jioni wakiwaita uani, ketini chini pale pale. Pokeeni hicho kizibo cha soda kwa mikono miwili, mnywe chai yao, na mwombe kuongezwa.

Bibi yenu