Kabla hujalipia hilo hema

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili jioni, katikati ya mwezi wa tano

Shoga yangu wa moyoni,

Salaam nyingi kutoka kwangu na kwa baba watoto. Sisi wazima, ila mafua tu yanapokezana humu ndani, akipona huyu anaanza yule.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye mwendokasi, sikuambulia kitu. Nimeona nikujibu kwa maandishi maana nakujua: ukifika Kariakoo ukaitwa "mama karibu, hili la Ujerumani hili", yote niliyokueleza kwa mdomo yatayeyuka. Haya utayafungua kwenye simu hapo hapo dukani.

Unauliza kama hema la chini ya laki moja linafaa kwa safari yenu ya familia ya Mikumi au litakuaibisha mbele ya watoto. Linafaa. La kwangu nililinunua Mtaa wa Kongo miaka mitatu iliyopita kwa 85,000, na limeshatulaza Kigamboni mara nne, Bagamoyo mara moja, Mikumi mara moja. Baba watoto alinipiga na "rahisi huvunja upishi" wiki nzima. Mama mkwe yeye, alipolikuta limesimama uani, aliuliza kwa upole kama nyumba yetu imewekewa alama ya X ya kubomolewa.

Sasa usije ukasema sikukwambia: limeharibika, tena sana. Lakini kila kilichoharibika kilikuwa na fundi wake hapa mjini, na hicho ndicho kipimo changu siku hizi. Nikishika kitu cha bei rahisi sijiulizi kitadumu au hakitadumu. Najiuliza kikifa, kuna fundi?

Nikupe ya Kigamboni, safari ya kwanza. Ilikuwa mwezi wa nane, kusi inavuma kama kawaida yake. Tulishuka kwenye pantoni jioni, tukasimamisha hema mchangani, picha zikapigwa, mihogo ikachomwa, watoto wakalala. Saa tisa usiku nasikia hema linanung'unika. Vile vigingi vilivyokuja nalo ni vyembamba kama spoku za baiskeli, na mchanga mkavu haushiki kitu. Viling'oka kimoja kimoja, hema likaanza kutembea na watoto ndani. Baba watoto alitoka na bukta, akalikumbatia kama mtu anayemzuia ng'ombe.

Kilichotuokoa ni viroba viwili vitupu vya mkaa vilivyokuwa kwenye buti. Tulivijaza mchanga, tukavifunga kamba shingoni, tukachimba shimo la kina cha mkono, tukavizika, kamba tukaiunganisha na hema. Havikusogea hadi asubuhi. Siku hizi kwenye mchanga natumia hivyo tu. Kwa ardhi ngumu, fundi wa kuchomelea hapa mtaani alinikatia nondo nyembamba, kila moja urefu wa kiganja na nusu, akazikunja ncha. Hizo hata tembo akizikanyaga, atakayeumia ni yeye.

Usiku ule ule fito moja ilipasuka. Fito za hema la bei chee ni za faibaglasi. Haipindi ikakuonya, inachanika kwa urefu kama mua, halafu inatoa nyuzi zinazoingia kiganjani usizione, unazisikia tu zikichoma. (Nilizichokonoa kwa sindano mpaka machozi.) Niliipeleka kwa fundi miamvuli Buguruni. Yule baba hakuuliza hata ni ya nini. Alitafuta kwenye kopo lake bomba la antena ya redio ya zamani, akalijaribu, akakata kipande cha urefu wa kidole, akakivisha palipopasuka, akabana ncha zote mbili kwa koleo, akazungushia tepu ya umeme. Shilingi 3,000. Ipo hadi leo. Mahema ya bei kubwa yana fito za alumini, nyepesi na zenye subira zaidi, lakini sisi tunasafiri na gari, uzito unatuhusu nini? Zipu nayo ilikufa Bagamoyo, fundi mabegi akabadilisha kichwa chake nikiwa nimesimama.

Kwa hiyo pale dukani usihangaike na fito, vigingi, kamba wala zipu. Hangaika na vile ambavyo hakuna fundi wa kuvitibu.

Kwanza paa. Mwambie muuzaji akusimamishie, asikwambie "picha iko kwenye boksi". Yapo mahema ambayo kitambaa cha juu ni kama kofia ya baraghashia, kinafunika utosi tu, kuta zinabaki zinapigwa na mvua. Wewe unataka kanzu, ishuke mpaka karibu na ardhi. Kisha sakafu: iwe imepanda kidogo ukutani kama beseni, mshono usikae chini kabisa maji yanapopita.

Tafuta na kile kilebo kwenye mfuko wake. Kuna namba inafuatiwa na mm. Muuzaji wangu aliniapia ni unene wa kitambaa. Siyo. Ni urefu wa maji ambao kitambaa kinaubeba kabla hakijaanza kupitisha, kwa hiyo 1,500 ni kama maji yaliyosimama mita moja na nusu juu yake. Kwa paa, 1,500 inatosha mvua zetu za kupita. Sakafu itake zaidi, 3,000 hivi, kwa sababu ukipiga goti unakandamiza maji ya chini yapande. Lisilo na namba kabisa, liache hapo mezani. Halafu ingiza kidole ndani upapase mishono ya paa: penye sindano pana tundu, na watengenezaji wa kweli hupiga utepe kama wa plastiki juu yake. Ukikosekana, siyo mwisho wa dunia, ipo gundi ya kupaka mishono. Ila kitambaa chenyewe kikiwa chujio, gundi haikusaidii.

Ukubwa nao hauna fundi. Kimeandikwa "watu wanne"? Hao wanne ni dagaa kwenye mfuko. Ninyi watano chukueni la nane. Na madirisha ya wavu, tafadhali, pande mbili zinazotazamana, wavu wenye matundu madogo, maana mbu wa Pwani hawana utani. Bila upepo kupita utachemka, na alfajiri pumzi zenu zitageuka matone kwenye paa. Mwanangu wa kati aliamka Mikumi akidai mvua imenyesha ndani. Hema halikuvuja hata tone, ilikuwa jasho letu wenyewe.

Sasa usingizi, na hapa ndipo nilipoumia kuliko kwenye hema. Nilinunua magodoro mawili ya kujaza upepo, mazuri, ya bluu. Saa nane usiku moja limelala chali, mimi na kitindamimba mifupa juu ya mizizi. Nililiziba, likatobokea kwingine. Yale sinunui tena. Chukua godoro jembamba la sponji la pale kwako, chini yake tandika mkeka, chini ya sakafu ya hema tandika turubai, na ukunje kingo za turubai zisichungulie nje zikakinga maji na kuyaleta mgongoni. Begi la kulalia sahau, nyuzi joto zilizoandikwa juu yake kwenye la bei rahisi ni za kujisifu. Blanketi la nyumbani linatosha Pwani. Ila mwezi wa sita hata Mikumi usiku una kibaridi, na baridi inayomtesa mtoto inatoka ardhini, kwa hiyo kwa kila blanketi la juu weka jingine chini. Lushoto mwezi wa saba, kule milimani, na hema hili? Hapana. Huko chukueni chumba.

Jiko nitasema moja tu: usiku ukiwa baridi usishawishike kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema, hata limebakiza majivu. Ile hewa yake ya sumu haina harufu na haiamshi mtu. Kamtungi kako ka gesi ka kilo sita kanatosha, pikieni nje.

Mikumi mtaipenda. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inaikatiza hifadhi kwa kilomita kama 50, watoto wataanza kuhesabu twiga hata geti hamjaliona. Chakula kisilale kwenye hema, kilale kwenye gari, biskuti za kwenye begi la mtoto zikiwemo. Na kila mtoto awe na tochi yake. Hapo usibane: vitochi vya sola vya bei ndogo vipo vingi na vinafanya kazi, ila nunua mapema uvijaribu nyumbani usiku mzima.

Mkirudi, msilikunje likiwa na umande mkalitupa juu ya kabati. Joto la Dar litaliotesha ukungu, na ule utando wa ndani unaozuia maji utaanza kunata na kubanduka. Langu hukaa kwenye kamba ya nguo siku nzima, kivulini, maana jua nalo linakula kitambaa. Majirani wameshazoea.

Kama bado una wasiwasi, usinunue wiki hii. Njoo Jumamosi uchukue langu, likalale uani kwenu usiku mmoja na watoto wote ndani. Kama maji yatakuwa yametoka, mtu apande kwenye ngazi na ndoo mbili alimwagie pole pole mishononi, wewe ukae ndani na kitambaa kikavu ukipapasa. Ukimaliza hapo utajua lipi la kutafuta Mtaa wa Kongo. Nitakuwa nyumbani kuanzia saa nne. Fito yenye tepu nyeusi iingize taratibu, ndiyo ile ya antena.

Msalimie shemeji, na yule mdogo mwambie shangazi yake amemwekea ubuyu.

Wako,
shoga yako wa Tabata