Si wagonjwa wote wanaopumua mara 20 kwa dakika

Mhariri,

Mwezi uliopita nilimpeleka shemeji yangu hospitali, kutoka kijijini kwao wilayani Bahi. Siku tano kabla alijikata kisigino kwa jembe, akafunga kitambaa, akaendelea na shamba. Nilipomkuta ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha fariki. Homa hana. Vidole vya baridi kama vilitoka mtungini.

Kituo cha kwanza, ambacho sitakitaja, walimpima malaria, hana. Joto 36. Akapewa parasetamoli, tukaambiwa turudi Jumatatu. Kidonda hakikufunguliwa.

Mimi ni muuguzi mstaafu, basi nikachungulia kadi yake. Pumzi kwa dakika: 20. Nikaangalia kadi ya kijana aliyevunjika mkono, 20. Mama mjamzito pembeni yake, 20. Benchi zima linapumua pamoja kama kwaya! Nikamlaza shemeji, nikaangalia kifua chake kwa saa yangu dakika nzima. Nilipata 32.

Tulikodi gari mpaka mjini. Hapo muuguzi, binti mdogo tu, alihesabu mwenyewe, akapima presha (ya juu ilikuwa 86), akabonyeza ukucha na kungoja rangi irudi. Ilichelewa. Hakusubiri foleni, alimwita daktari palepale. Damu ya kuotesha, yaani ya kutafuta vijidudu maabara, ikachukuliwa, na antibayotiki ya mshipa ikaanza kabla saa moja haijaisha. Kisigino kikafunguliwa, usaha ukatoka. Dripu alipewa kidogo kidogo, wakisikiliza mapafu kila mara. Hilo lilinifurahisha, maana wengi wetu tulifundishwa kumimina maji tu. Utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na hapa Tanzania, ukatolewa 2011, ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko (damu kutofika vizuri viungoni) waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa wengi kuliko wasiomiminiwa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa sepsisi: mwili unapambana na maambukizi hadi unaanza kuumiza viungo vyake wenyewe. Kwa mtu mzima mwenye maambukizi, pumzi 22 au zaidi kwa dakika, kuchanganyikiwa, na presha ya juu kufika 100 au kushuka chini yake ni ishara za hatari. Zikiwa mbili, usimwache arudi nyumbani. Zisipotimia mbili pia usijiamini sana. Na joto lisikudanganye, wazee wengi huugua hivi bila homa. Hata malaria ikionekana kwenye kipimo, bado kidonda kinaweza kuwa na lake.

Siwalaumu vijana wa kile kituo kana kwamba mimi ni malaika. Zamu ya usiku, muuguzi mmoja, watu arobaini nje: nami niliandika 20 mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Ombi langu ni kwa wakaguzi wa afya wa wilaya. Mkifika kituoni, kabla ya chai, fungueni daftari la mapokezi mwangalie safu ya pumzi. Ikiwa ni 18 na 20 kuanzia juu hadi chini, hakuna aliyehesabiwa. Kisha inueni macho ukutani. Pale tulipoanzia, saa ilikuwa imesimama saa kumi na dakika kumi, na tulifika asubuhi.

Muuguzi mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma