Kiwanja cha Kigamboni Kisubiri Kwanza

Pittsburgh, Jumapili jioni

Swahiba Mbaraka,

Salaam sana wewe, shemeji na watoto. Sisi huku wazima, ni baridi tu imeanza kututafuta.

Picha zako nimezipata, na ule ujumbe wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na hesabu zako za kununua kiwanja Kigamboni kwa boksi la kadi za picha za wachezaji wa besiboli ulilolinunua Jumamosi kwenye gereji ya bibi wa watu. Taratibu, ndugu yangu. Kiwanja kisubiri kwanza.

Nyingi ya kadi nilizoziona ni za kati ya 1987 na 1992. Hapo Wamarekani walikuwa wameshashtuka kwamba kadi za utotoni mwa baba zao zinauzwa pesa ndefu, basi kila mtu akawa ananunua na kufungia kabatini akisubiri utajiri, na viwanda navyo vikachapisha bila breki. Sasa kama kila nyumba inazo, utamuuzia nani? Hizo wape watoto wachezee.

Lakini kale kabunda ka chini, kalikofungwa kwa mpira, kameninyima usingizi. Kwenye picha moja nimeona upande wa nyuma una tangazo la wino wa bluu. Likiwa ni la sigara za Piedmont, tuna mazungumzo. Kwanza kabisa ondoa huo mpira. Usiuvute, ukate kwa mkasi, maana kila ukiuvuta unakula kingo za karatasi, na kwenye mambo haya kingo ni pesa.

Kadi hizo wenyewe wanaziita T206. Zilitoka kati ya 1909 na 1911, ndani ya pakiti za sigara za kampuni ya American Tobacco. Ziko aina zaidi ya 500, na kila moja ni ndogo kuliko kitambulisho chako cha kazi: kama sentimita 3.7 kwa 6.7. Mimi ninayo moja, ya mchezaji wa ligi ndogo za Kusini ambaye hata wazee wa hapa hawamjui. Pembe moja imekwisha, na usoni ina mkunjo unaompita kijana wa watu begani. Chini yake jina na mji vimeandikwa kwa wino wa kahawia. Nikiiweka chini ya kioo cha kukuzia, picha imejaa vidoti vya rangi, lakini herufi za jina ni wino mtupu uliotulia. Hapo ndipo pa kuanzia kukagua. Kwenye nakala nyingi za siku hizi, hata zile herufi utazikuta ni vidoti. Nililipa dola arobaini na kitu, na siiuzi.

Mkubwa wao wote ni Honus Wagner, na huyu ni mtu wa kwetu huku. Alichezea Pirates wa Pittsburgh, na sanamu yake iko nje ya uwanja wa PNC Park. Ilipozinduliwa 1955, mahali pengine hapa hapa mjini, mwenyewe alikuwa hai. Kadi yake ilisimamishwa mapema. Wako wanaosema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili ya picha yake, na wako wanaosema alitaka alipwe. Mimi naona yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Zinazojulikana leo ni 60 hivi tu, na moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022.

Ila kuna moja nitakayokusimulia ili uache kumwamini kila mwenye tai. Ile Wagner maarufu kuliko zote, iliyowahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, yule bingwa wa hoki ya barafu, ilipewa alama 8 kati ya 10 na kampuni ya PSA, wapimaji wa hali za kadi. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kupita kiasi kwa karatasi ya umri ule. Watu wakanong'ona miaka na miaka. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa minada aliyewahi kuiuza, akakiri mahakamani kwamba aliikata pembeni mwenyewe. Kwa hiyo ukiona kadi ya miaka mia iliyonyooka kama imetoka kiwandani jana, kwanza ipime kwa rula. Na wewe usithubutu kuikata, kuifuta wala kuipiga pasi.

Umeniuliza pia kuhusu kadi ya Mickey Mantle ya 1952. Hiyo ni ya kampuni ya Topps, haohao wenye bazoka. Watu wengi husema ni kadi yake ya kwanza. Siyo, ya kwanza ni ya kampuni ya Bowman, 1951. Tena kwenye kundi lake, la mwisho kutolewa mwaka ule, yeye ni namba 311, na namba hiyo ilichapwa mara mbili ya wenzake wengi, hivyo hata kwa uchache kuna waliomzidi. Bei inapandishwa na mapenzi: Mantle alikuwa Yankees, timu ya New York, kijana, mzungu wa mashambani wa Oklahoma, na waliokuwa watoto wakati ule ndio walioshika pesa baadaye. Kundi lenyewe lilitoka msimu ukielekea ukingoni, maduka hayakulitaka, mzigo ukalala ghalani. Mwaka 1960, Sy Berger wa Topps, aliyeshiriki kuzibuni, akaona zinamjazia nafasi tu. Akazipakia kwenye tishari na kwenda kuzimwaga baharini, nje ya pwani ya New Jersey. Agosti 2022 moja iliyonusurika ikauzwa kwa dola milioni 12.6. Nikifikiria ile tishari huwa nacheka peke yangu kwenye basi.

Ninayemheshimu zaidi lakini si mwenye mamilioni. Ni Jefferson Burdick wa Syracuse, New York. Hili jina "T206" limetoka kwenye katalogi yake ya kadi. T ni tumbaku. Alikuwa na ugonjwa wa viungo, vidole vinauma, na bado kwa miaka mingi alikuwa akienda jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kubandika kwenye albamu mkusanyiko aliowapa, vipande zaidi ya 300,000 ukihesabu na kadi za posta na matangazo. Alifariki 1963. Hakuuza.

Jambo moja linalonikera katika mapenzi yangu haya nikuambie wazi. Ukipanga T206 mezani hutamwona mtu mweusi hata mmoja. Ligi kubwa ziliwafungia mlango mpaka Jackie Robinson, mweusi, alipoingia 1947, na wenye sigara na bazoka hawakuona haja ya kuwachapa. Josh Gibson, mpigaji ambaye wengi wanamweka sawa na Babe Ruth, gwiji wa kupiga wa Yankees, na ambaye alicheza hapa hapa Pittsburgh kwa timu za weusi, Homestead Grays na Crawfords, alikufa Januari 1947. Kadi yake inayotafutwa sana ni ya Puerto Rico, seti ya Toleteros ya 1950-51, na ilitoka akiwa ameshazikwa. Ningepewa kuchagua kati yake na Mantle ningechukua Gibson, na wauzaji wa huku wakinisikia wananiona nimechanganyikiwa.

Turudi kwenye kazi. Nunua vifuko laini vya plastiki vya kadi, kimoja kwa kila moja, na usizishike usoni. Zipige picha mbele na nyuma, mchana karibu na dirisha, bila flashi. Akija jirani na dola 200 mkononi akisema anakusaidia kukupunguzia uchafu, mwambie mwenyewe hayupo. Na kupeleka PSA au SGC, wapimaji wenzao, tusikimbilie, ada yao inaweza kuzidi bei ya kadi yenyewe.

Kama humo kuna Wagner, na hayumo, usinipigie saa za kazi. Niko juu ya ngazi siku nzima wiki hii.

Msalimie shemeji, mwambie ule mchuzi wa nazi bado namdai.

Wasalaam,
Wako, Idrisa